Kompyuta ya mezani inazungusha feni sekunde moja kisha inazima. Nimeambiwa mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, nisaidieni kabla sijanunua nyingine

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani niliyoitumia miaka sita bila usumbufu. Juzi nimeihamishia kwenye keisi nyingine niliyopewa na rafiki, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa finyu na ndani kulikuwa na joto sana. Nilipomaliza kufunga nikabonyeza swichi. Feni zinazunguka kama sekunde moja, zinasimama, kimya kidogo, zinazunguka tena, zinasimama tena. Inaendelea hivyo hadi nichomoe waya ukutani. Skrini ni giza tupu, hata ile nembo ya mwanzo haitokei.

Nilimpelekea fundi, akaibonyeza mara mbili, akaniambia mazabodi imekufa, ninunue nyingine. Hakufungua hata mfuniko wa pembeni. Sina uhakika naye, lakini pia sina ujuzi wa kumbishia. Ndani yake nina kazi zangu za miaka mingi. Nifanye nini?

#2 Mchangiaji wa 2

Mkuu, weka pesa yako mfukoni kwanza. Feni kuzunguka na kuzima ni dalili ya magonjwa mengi, na mazabodi kufa ni mojawapo tu. Kwa kubonyeza swichi mara mbili hakuna mtu duniani anayeweza kujua ni lipi.

Nikueleze mashine inavyoamka, maana ukijua safari yake utajua imekatikia wapi. Ukichomeka tu waya ukutani, hata kabla ya kubonyeza chochote, pawa saplai (kile kisanduku cha umeme ndani ya keisi) inaipa mazabodi volti 5 za kusubiri kupitia waya wa zambarau. Ukibonyeza swichi, mazabodi inaunganisha waya wa kijani na waya mweusi, na hiyo ndiyo ishara ya kuiambia pawa saplai iwake kamili. Pawa saplai inatoa volti 12, 5 na 3.3, inajikagua, kisha baada ya milisekunde 100 hadi 500 inarudisha ishara kwa waya wa kijivu kwamba umeme umetulia. Hapo ndipo prosesa inaruhusiwa kuanza kazi. Prosesa inasoma BIOS (programu ya kuamshia iliyo kwenye mazabodi), inatafuta RAM (kumbukumbu ya muda), inatafuta kadi ya picha, na mwisho kabisa inatafuta diski yenye Windows.

Yako inakatika ndani ya sekunde moja. Bado iko hatua za umeme. Diski zako hazijafikiwa kabisa, kwa hiyo ondoa hofu juu ya kazi zako. Hizo zipo.

Nijibu haya: Ulipohamisha, ulitoa nini na nini? Prosesa uliigusa? Kipoza chake ulikitoa? Keisi hiyo mpya ilikuwa na mazabodi ya aina gani kabla? Na nyaya za umeme wa prosesa, zile za pini 8 karibu na kona ya juu, umezichomeka?

#3 Mleta uzi

Asante sana. Umenipa nguvu hapo kwenye kazi zangu.

Nilitoa kila kitu: mazabodi, RAM mbili, kadi ya picha, diski mbili (moja SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka), pawa saplai. Prosesa sikuitoa kwenye soketi, ila kipoza nilikitoa kwa sababu kilinizuia kufikia skrubu, nikapaka grisi mpya ya kupozea na kukirudisha. Keisi ya rafiki yangu ilikuwa na bodi ndogo zaidi ya yangu. Nyaya za pini 8 nimechomeka, nimehakikisha sasa hivi, zimeingia hadi ndimi za kubania zikalia.

#4 Mchangiaji wa 3

Hiyo ni pawa saplai, msijisumbue. Chukua kipande cha waya, unganisha kijani na nyeusi kwenye plagi kubwa ya pini 24, feni ya pawa saplai ikizunguka ni nzima, isipozunguka ni mbovu. Dakika mbili umemaliza.

#5 Mchangiaji wa 2

Nakubaliana nusu. Kipimo hicho kikikwambia mbovu, mara nyingi ni kweli, ingawa zipo pawa saplai ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto, kwa hiyo usiihukumu kwa feni peke yake. Na kikikwambia nzima, hakijakwambia mengi. Pawa saplai inayozungusha feni yake bila mzigo inaweza kuanguka pale prosesa inapoanza kuvuta umeme. Ni sawa na kumpima mbeba mizigo kwa kumtazama akiwa amesimama.

Tumia multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Mleta uzi, kama unayo, iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya wowote mweusi, nyekundu uiingize nyuma ya plagi ikiwa imechomekwa kwenye mazabodi. Vipimo vinavyokubalika ni asilimia 5 juu au chini: kwenye njano kati ya 11.4 na 12.6, kwenye nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, kwenye rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau iwe karibu na 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, usibahatishe, tafuta kwanza mchoro wa pini 24.

Na jambo moja naliomba kwa yeyote anayesoma hapa: pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa (vifaa vya kuhifadhi umeme) hubeba volti zaidi ya 300 na zinaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa waya. Ikiwa mbovu inabadilishwa nzima.

#6 Mleta uzi

Multimita nimeazima. Zambarau 5.06. Nikibonyeza swichi, njano inapanda 12.1 kwa ile sekunde moja kisha inashuka sifuri. Nimefanya pia kile kipimo cha waya nje ya mashine, nikiwa nimeunganisha diski ya zamani na feni mbili kama mzigo. Imewaka dakika kumi, njano 12.14, nyekundu 5.03, haikutetereka.

#7 Mchangiaji wa 4

Volti inafika 12.1 halafu pawa saplai inajizima yenyewe. Hiyo ni pawa saplai inayojilinda, na inajilinda dhidi ya shoti. Na wewe umetoka kuhamisha mazabodi kwenye keisi iliyokuwa na bodi ndogo. Mkuu, angalia nguzo ndogo za shaba zilizo chini ya mazabodi.

Bodi za ATX kamili zina milimita 305 kwa 244, zile ndogo za micro-ATX ni 244 kwa 244. Matundu ya skrubu hayalingani yote. Nguzo iliyowekwa kwa ajili ya bodi ndogo inaweza kukaa chini ya bodi yako mahali ambapo hakuna tundu, ikagusa risasi ya kuchomea (solda) iliyo nyuma ya bodi. Nguzo ni chuma, keisi ni chuma, umeme unapata njia ya mkato.

Usianze kukisia. Toa mazabodi nje kabisa, ilaze juu ya kadibodi kavu (usitumie ule mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, nje yake unaweza kupitisha umeme). Acha prosesa na kipoza chake, RAM moja, kadi ya picha na skrini. Usichomeke diski, USB wala nyaya za mbele za keisi. Kuwasha, gusanisha pini mbili zilizoandikwa PWR kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja.

#8 Mchangiaji wa 3

Kadi ya picha ya nini? Angetoa na hiyo, atumie tundu la skrini la kwenye mazabodi, apunguze vifaa.

#9 Mchangiaji wa 4

Itategemea prosesa. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha ndani yake, na Ryzen nyingi kabla ya mfululizo wa 7000, isipokuwa zenye G, ni hivyo hivyo. Ukichomeka skrini kwenye mazabodi yenye prosesa kama hiyo utakesha ukitazama giza na mashine ni nzima. Mleta uzi, yako ni ipi?

#10 Mleta uzi

Ina F mwishoni. Naacha kadi ya picha. Naitoa bodi sasa.

#11 Mchangiaji wa 5

Samahanini kuingilia uzi. Yangu haizungushi hata feni. Haina uhai kabisa, hakuna taa, hakuna mlio. Nayo nifuate hatua hizi hizi?

#12 Mchangiaji wa 2

Karibu, wala hujaingilia. Yako imekatika mapema zaidi, kwa hiyo anza nyuma zaidi. Hakikisha soketi ya ukutani ina umeme kwa kuchomeka taa. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iwe upande wa I. Badilisha waya wa ukutani, nimewahi kuona waya uliokatika ndani huku nje unang'aa. Kama pawa saplai ni ya zamani na ina kitufe cha kuchagua 115 au 230, kiwe kwenye volti za umeme wako. Kikiwa kwenye 115 na ukutani kuna 230, huenda imeshaungua.

Halafu pima zambarau. Ikiwa na volti 5, chomoa waya wa swichi ya mbele kwenye mazabodi na ugusanishe zile pini mbili kwa bisibisi. Mashine ikiwaka, ubovu ni kitufe cha keisi tu, na watu wamewahi kununua mazabodi kwa ajili ya kitufe. Ikiwa zambarau haina volti 5, chomoa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi na upime tena. Ikirudi 5, mazabodi ndiyo inayoivuta chini. Isiporudi, pawa saplai ndiyo mgonjwa.

#13 Mleta uzi

Wakuu! Mchangiaji wa 4, Mungu akubariki. Kuna nguzo moja ya shaba ilikuwa katikati, upande wa chini, na bodi yangu haina tundu pale. Nyuma ya bodi kuna alama ndogo ya mkwaruzo kwenye risasi za moja ya sloti. Juu ya kadibodi feni zinazunguka na haizimi tena!

Ila skrini bado giza. Kwenye bodi kuna taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ya CPU inawaka kidogo na kuzima, kisha DRAM inawaka na kubaki. Je, ile nguzo imeniulia bodi?

#14 Mchangiaji wa 4

Inaweza, lakini usiizike bado. Ungekuwa na shoti ya kudumu isingebaki inawaka. Hizo taa nne ni zawadi. Mashine inazipita kwa mpangilio, na inayobaki inawaka ndiyo mahali iliposimama. Prosesa imepita, RAM imegoma. Bodi zisizo na taa hizo huhitaji ile spika ndogo ya pini nne, inalia milio, na unasoma maana ya milio kwenye kitabu cha bodi yako mwenyewe. Msichukue maana ya milio ya bodi moja mkaipeleka kwenye nyingine. Kwa BIOS za kampuni ya Award, mrefu mmoja na mifupi miwili ni shida ya picha; kampuni nyingine zina mpangilio wao.

Sasa RAM. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe. Toa RAM. Meno yake ya dhahabu yafute kwa kifutio cheupe cha penseli polepole, kisha kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti safi ya isopropili, acha ikauke. Weka RAM moja peke yake kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ile ya A2 (sloti huitwa A1, A2, B1 na B2), mpaka ndimi zijifunge zenyewe. Washa. Jaribu hiyo RAM kila sloti. Kisha RAM ya pili kila sloti. Andika kwenye karatasi matokeo ya kila jaribio. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na ikawaka, hujui kipi kilikuwa kibovu, na kesho kitarudi.

Wenye bodi za DDR5 (kizazi cha tano cha RAM hizi) mkisoma hapa: mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, skrini inaweza kukaa giza dakika kadhaa huku bodi inaizoea. Msizime katikati.

#15 Mchangiaji wa 6

Kuna mtu aliniambia mazabodi iliyogoma unaiweka kwenye oveni dakika chache inafufuka. Kwa nini asijaribu hiyo?

#16 Mchangiaji wa 2

Tafadhali, hapana. Joto la oveni linaweza kugusanisha kiungo kilichoachana kwa siku chache, kisha kinaachana tena, na njiani umekwisha kuyeyusha plastiki za sloti, umechosha kapasita, na umeleta moshi wa sumu mahali panapopikwa chakula. Bodi ya ndugu huyu haijathibitika hata kuwa mbovu.

Ukiwa na shaka na bodi ya zamani, tazama vichwa vya kapasita zake. Vinatakiwa kuwa bapa. Vikivimba juu au kuvuja maji ya kahawia, hapo kuna ugonjwa wa kweli. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilikufa kwa njia hiyo, na aliyezijua kapasita hizo alizitambua kwa macho tu. Ubadilishaji wake ni kazi ya mtu mwenye mkono mzuri wa kuchomea risasi.

#17 Mleta uzi

Karatasi yangu hii hapa:

RAM ya kwanza: A1 imegoma, A2 imegoma, B1 imepita, B2 imepita.
RAM ya pili: A1 imegoma, A2 imegoma, B1 imepita, B2 imepita.

"Imepita" maana yake nimeona nembo kwenye skrini! Nimekaa nikiitazama kama mtu aliyerudishiwa ndugu yake. Kwa hiyo RAM zote nzima na sloti mbili ndizo zimekufa? Nitumie hivyo hivyo kwenye B?

#18 Mchangiaji wa 4

Karatasi nzuri sana hiyo, imeokoa siku mbili za kubishana. RAM mbili, matokeo sawa kabisa: RAM hazina kosa. Na sloti mbili za A kugoma kwa pamoja si bahati mbaya, kwa sababu A1 na A2 zinatumia njia moja ya mawasiliano inayoingia moja kwa moja kwenye prosesa. Kitu kimeikata njia ya A nzima.

Inaweza kuwa ile shoti. Lakini kabla ya kuilaumu, rudi kwenye jibu lako la #3. Ulitoa kipoza na kukirudisha. Ulikikaza vipi?

#19 Mleta uzi

Nilikaza skrubu ya kwanza mpaka mwisho, kisha ya pili mpaka mwisho, na nyingine mbili hivyo hivyo. Nilitaka kiwe imara kisilegee.

#20 Mchangiaji wa 4

Hapo ndipo ninapopashuku. Prosesa yako imekaa juu ya pini nyembamba zaidi ya elfu moja zilizopinda kama kope, na kila moja inagusa kwa shinikizo tu, hakuna kilichochomewa. Ukikaza kona moja hadi mwisho wakati nyingine zimelegea, prosesa inalala upande mmoja, na kundi la pini upande wa pili linakosa mgusano. Baadhi ya pini hizo zinahudumia RAM. Ndiyo maana mashine inawaka lakini njia moja ya RAM inapotea.

Fanya hivi. Legeza skrubu zote nne kidogo kidogo, zamu kwa zamu. Toa kipoza. Fungua soketi, inua prosesa wima kwa kushika kingo zake. Mulika taa kutoka pembeni, tazama pini kwa kioo cha kukuza au kamera ya simu: mistari iwe sawa, kila pini ing'ae kwa pembe moja. Usizipulizie kwa mdomo, mate yanaruka. Usizifute kwa kitambaa, kitazinasa. Ukiona iliyopinda, usiiguse, weka picha hapa kwanza.

Kama ziko sawa, rudisha prosesa kwa kufuata pembetatu ndogo ya konani, funga soketi, futa grisi ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Kaza skrubu kwa msalaba: nusu mzunguko kona hii, nusu mzunguko kona inayotazamana nayo, kisha zile nyingine mbili, hadi zote zifike pamoja. Usitumie nguvu ya bega. Vidole vinatosha.

Wenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 msifuate hapo kwenye kuinua kwa pupa. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na grisi iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza. Washeni mashine dakika kadhaa ipate joto kwanza, zimeni, kisha mkizungushe kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua.

#21 Mleta uzi

Mikono ilinitetemeka lakini nimefanya. Pini zote zimelala mstari mmoja. Nimekaza kwa msalaba kama ulivyosema. RAM ya kwanza kwenye A2: nembo! RAM zote mbili, A2 na B2: nembo, na BIOS inaonyesha gigabaiti 16 kamili. Joto la prosesa kwenye BIOS ni nyuzi 36.

Nimetoa ile nguzo ya shaba, nimerudisha bodi ndani, nimechomeka diski zote. Sasa imekuja nyingine. Inasema hakuna diski ya kuwashia. Nikiingia BIOS naiona SSD yangu kwa jina, lakini kwenye orodha ya kuchagua ya kuwashia haimo. Nisameheni, sikuwaambia: jana usiku kabla ya kusoma jibu la #18 nilitoa betri ya mazabodi nikidhani itasaidia RAM.

#22 Mchangiaji wa 2

Hapo umetaja jibu mwenyewe. Kutoa betri si dhambi, hata mimi ningekushauri hatua hiyo mahali fulani. Lakini betri ndiyo inayohifadhi mapendeleo yote ya BIOS, na ukiitoa bodi inarudi ilivyotoka kiwandani.

Windows yako uliiweka lini? Na je, uliihamisha kutoka diski ya zamani?

#23 Mleta uzi

Ndiyo, niliinakili kutoka kwenye diski ya kompyuta ya zamani zaidi. Haijawahi kuwekwa upya.

#24 Mchangiaji wa 2

Basi diski yako imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na bodi sasa inatafuta mtindo mpya wa UEFI peke yake. Inaiona diski, ila haioni njia ya kuiwashia. Ingia BIOS, sehemu ya Boot, tafuta CSM (mpangilio unaoruhusu mtindo wa zamani wa kuwashia), iweke Enabled, hifadhi, washa upya. Usifomati chochote, usiweke Windows upya, usikubali programu yoyote inayojitolea "kutengeneza" diski. Kazi zako ziko palepale.

Kwa wengine watakaoupata uzi huu: kuna ndugu ya tatizo hili. Kama Windows inaanza kupanda kisha inaleta skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE baada ya betri kutolewa au kufa, angalia kama mpangilio wa SATA (njia ya kuunganisha diski) umehama kati ya AHCI na RAID. Urudishe ulivyokuwa. Watu wengi wamefuta diski nzima kwa ajili ya neno moja kwenye BIOS, na hilo linaniumiza kila ninapolisikia.

Pima pia hiyo betri ya CR2032. Mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa imeshuka chini ya 2.7, weka nyingine, la sivyo siku ukichomoa waya ukutani CSM itazimika tena na utarudi hapa usiku.

#25 Mleta uzi

IMEWAKA. Windows imepanda, faili zote zipo, hata vikumbusho vya mezani viko vile vile. Betri ilikuwa 2.41, nimeweka mpya. Kabla ya kitu kingine nimenakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje.

#26 Mchangiaji wa 4

Hongera ndugu yangu. Bado moja. RAM na prosesa vimepitia mengi, usiziamini kwa kuona Windows tu. Weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iache ipite mizunguko minne usiku. Kosa hata moja ni kosa, hakuna kosa dogo kwenye RAM, kwa sababu RAM inayokosea huandika uchafu kwenye faili zako kimyakimya. Kisha soma taarifa za SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) za diski zote mbili. Ile ya zamani uliyoitumia kama mzigo, ukiona sekta zilizohamishwa (sehemu za diski zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba) zinaongezeka, au ukisikia inagonga tik-tik, nakili kilichomo na uistaafishe.

#27 Mchangiaji wa 5

Nami nirudishe majibu ya mashine yangu iliyokuwa haina uhai. Zambarau ilikuwa 0.8. Nikachomoa pini 24, ikabaki 0.8. Pawa saplai. Nimeweka nyingine na mashine imewaka mara ya kwanza. Nami pia niliambiwa mazabodi imekufa.

#28 Mchangiaji wa 3

Mleta uzi, mimi ndiye niliyesema ni pawa saplai na msijisumbue. Nilikosea, na ungenifuata ungenunua pawa saplai mpya na tatizo lingebaki. Nimejifunza hapo kwenye kuikaza prosesa, sikuwahi kujua kipoza kinaweza kuipoteza RAM.

#29 Mleta uzi

Usijali mkuu, kipimo chako cha waya ndicho kilichonipa ujasiri wa kugusa multimita kwa mara ya kwanza.

MemTest86 imemaliza mizunguko minne, makosa sifuri. SSD nzima. Ile diski ya zamani ina sekta 14 zilizohamishwa, nimekwisha kuinakili na sitaiwekea kitu tena.

Nimeandika karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa keisi kwa ajili ya yeyote atakayeifungua baadaye, hata kama ni mimi: nguzo ya katikati chini imetolewa, usiirudishe, RAM zikae A2 na B2, kipoza kikazwe kwa msalaba, CSM iwe Enabled, tarehe ya betri mpya. Rafiki aliyenipa keisi amekuja kuchukua multimita yake, na ameomba karatasi kama hiyo kwa ajili ya mashine yake. Kesho tunaifungua pamoja.